Fedha Iende Wapi Kwanza: Hedifoni, Amplifaya au Kigeuzi?

Barua nyingi zilizoifikia safu hii safari hii zinahusu vyombo vya kusikilizia muziki vya daraja la juu: hedifoni, amplifaya zinazoziendesha, na vyanzo vya kidijitali vinavyozilisha. Kwa kuwa neno litajirudia, kigeuzi katika majibu haya ni kile chombo kinachoupokea muziki uliohifadhiwa kama namba na kuutoa kama mkondo wa umeme wenye umbo la sauti. Madukani huandikwa DAC kwenye sanduku lake. Barua tumezifupisha, ila kiini cha kila swali tumekiacha kama kilivyoandikwa.

*Nina hedifoni za Sennheiser HD 600 nilizotumiwa na kaka yangu aliyeko Ujerumani, nazichomeka moja kwa moja kwenye kompyuta ya mkononi. Nimeweka akiba ya kununulia kitu kimoja cha maana mwaka huu. Mwenzangu mmoja ananihimiza ninunue kigeuzi cha bei kubwa, kwa hoja kwamba chanzo kikiwa kibovu hakuna kitakachokiokoa mbele ya safari. Wa pili anasema amplifaya. Wa tatu anasema nibadili hedifoni. Nimfuate nani? — Msomaji, Dar es Salaam*

Ndugu msomaji, mfuate wa tatu, lakini HD 600 zako usiziuze. Sababu ya kumfuata inapimika. Ukichukua hedifoni mbili nzuri kutoka kwa watengenezaji tofauti na kuziweka kwenye kifaa cha kupimia, utakuta zinaachana kwa desibeli 5 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na mahali pengine zaidi, katika sehemu fulani za masafa ya sauti. Tofauti ya kiasi hicho humfikia msikilizaji yeyote, hata yule asiyejali vyombo. Ukichukua amplifaya mbili zilizoundwa vizuri na ambazo hazijalemewa, mwachano wao katika masafa yote ya binadamu, kuanzia hezi 20, yaani mitetemo 20 kwa sekunde, hadi hezi 20,000, kwa kawaida haufiki nusu desibeli. Vigeuzi viwili vizuri hukaribiana zaidi ya hapo. Kwa hiyo shilingi inayowekwa kwenye hedifoni hununua badiliko unalolisikia, ilhali shilingi ileile ikiwekwa kwenye kigeuzi cha pili hununua badiliko ambalo mara nyingi huonekana kwenye karatasi ya vipimo tu.

Hoja ya kutanguliza chanzo haikuzuka hivi hivi. Ilikuwa na nguvu katika enzi ya santuri, wakati sindano, mkono wake na mzunguko wa sahani viliharibu au kuokoa muziki kabla haujafika kwenye amplifaya, na kilichopotea pale hakikurudi tena. Diski ya CD ilipoingia sokoni mwaka 1982, ikiwa na sampuli, yaani vipimo vya sauti, 44,100 kwa sekunde, kila kimoja kikiandikwa kwa biti (tarakimu) 16, uwiano huo ulivunjika. Biti 16 zinatoa nafasi ya takriban desibeli 96 kati ya sauti kubwa kabisa na mvumo wa chini kabisa, na vigeuzi vya kawaida vya leo vinavuka kiwango hicho kwa mbali. Hata ile adapta ndogo ya Apple inayogeuza tundu la USB-C kuwa tundu la hedifoni, ambayo kwa muda mrefu imeuzwa Marekani kwa dola 9, hupimwa na kukutwa haina upotoshaji wa kusikika inapoendesha hedifoni zisizodai nguvu nyingi. Jambo hili huwaudhi baadhi ya wapenzi wa vyombo, nami nawaelewa, kwa maana chombo kizito cha alumini chenye taa ndogo kinavutia kukitazama. Bado masikio hayaoni alumini.

Kuna tahadhari moja kuhusu kompyuta yako. Tundu la hedifoni la kompyuta ya mkononi wakati mwingine hupitisha mvumo wa vifaa vya ndani. Usiku, nyumba ikiwa kimya, vaa hedifoni bila kupiga muziki, sogeza kipanya, fungua faili kubwa, kisha chomoa chaja. Ukisikia mkwaruzo unaobadilika kwa kila tendo, kigeuzi kidogo cha nje kitaondoa tatizo hilo, na hakihitaji kuwa cha bei kubwa. Ukisikia kimya tu, chanzo chako kimekwisha kukidhi haja.

Sasa hedifoni zenyewe. HD 600 zilitoka mwaka 1997 na bado zinatengenezwa, jambo la nadra katika biashara hii, na sababu yake ni namna zinavyotoa sauti za kati: uimbaji, fidla, kinanda, gitaa lisilo la umeme. Udhaifu wake uko chini kabisa, ambako besi za chini ya hezi 60 hivi zinaanza kuteremka, na katika upana, kwa kuwa zinaweka muziki karibu sana na uso. Ukitaka jozi ya pili, tafuta inayofanya lile ambalo za kwanza haziwezi, si inayorudia yale yale kwa bei mara tatu. Hedifoni za utando bapa, kama LCD-2 za kampuni ya Audeze ya Marekani, hushuka kwenye besi kwa unyoofu ambao HD 600 hazina, kwa sababu utando wote unasukumwa kwa wakati mmoja na nyaya zilizotandazwa juu yake mbele ya safu za sumaku. HD 800, ambazo Sennheiser walizitoa mwaka 2009, zinatawanya ala mbali na kichwa kiasi cha kukufanya ugeuke kutafuta ilikotoka ngoma, ila zina mwinuko mkali karibu na hezi 6,000 ambao huchosha kwenye rekodi zenye sauti kali za "s". Toleo la HD 800 S lililofuata lilipunguza mwinuko huo. DT 990 za Beyerdynamic zina bei nafuu na besi iliyojaa, lakini sauti zake nyembamba, zile za masafa ya juu, zimeinuliwa sana kwa masikio yangu, na sizipendekezi kwa mtu anayesikiliza saa tatu mfululizo.

Lipo pia jambo ambalo matangazo hayalisemi. Kuanzia mwaka 2012 hivi, Sean Olive na Todd Welti wa kampuni ya Harman walichapisha tafiti mfululizo ambamo wasikilizaji walizipa hedifoni alama kwa kutegemea sauti tu, na tafiti hizo zikawasaidia kuchora mwelekeo wa masafa unaopendwa na wengi. Moja ya mambo yaliyojitokeza ni kwamba bei ya hedifoni haikutabiri vizuri kama itapendwa. Kabla ya kutoa akiba yako, kwa hiyo, jaribu ikwalaiza ya programu kwenye kompyuta: ongeza desibeli 4 chini ya hezi 80, punguza sauti ya jumla kwa kiasi hicho hicho ili ishara isikatwe kileleni, halafu sikiliza kwa wiki nzima. Huenda ukagundua kwamba ulichokikosa ni besi tu, na besi umeipata bila kulipa.

*Adapta yangu ya simu inaendesha vizuri Sennheiser HD 650 zenye ukinzani wa omu 300. Nimeazimwa HiFiMan HE-6 zenye omu 50, nikitarajia zitakuwa rahisi zaidi kuendesha, lakini sauti imekuwa ndogo na nyembamba hata nikifungua mpaka mwisho. Je, ni mbovu? — Msomaji, Mombasa*

Si mbovu hata kidogo. Omu peke yake haisemi kama hedifoni ni ngumu au nyepesi. Kuna namba ya pili, nayo ndiyo yenye uzito: ni desibeli ngapi zinatoka kwa kiasi fulani cha umeme. Watengenezaji wengine huiandika kwa volti 1, wengine kwa miliwati 1, na hapo wanunuzi wengi hupotea kwa kulinganisha vipimo viwili visivyolingana.

Tuzifanyie hesabu. HD 650 zimeandikwa desibeli 103 kwa volti 1. Katika omu 300, volti 1 inapitisha mkondo wa miliampea 3.3 tu, na nguvu yake ni miliwati 3.3. HE-6 zimeandikwa desibeli 83.5 kwa miliwati 1. Ili zifike desibeli zile zile 103, zinahitaji kupandishwa desibeli 19.5, na kila desibeli 10 ni kuzidisha nguvu mara 10, kwa hiyo tunapata karibu miliwati 90. Katika omu 50 hiyo ni volti 2.1 na miliampea 42. Adapta yako ya simu, ikiwa inatoa volti 1, inakosa nusu ya volti zinazotakiwa, na pengine inakosa mkondo pia. Hedifoni za omu 50 zinadai nguvu mara 27 ya zile za omu 300.

Huenda ukauliza kwa nini tuzungumzie desibeli 103, kiwango kinachoumiza. Muziki uliorekodiwa vizuri una vilele vya ghafla, pigo la ngoma au tarumbeta, vinavyopanda desibeli 20 juu ya wastani. Anayesikiliza kwa wastani wa desibeli 80 anahitaji akiba ya kufika 100 kwa sehemu ndogo ya sekunde. Shirika la Afya Duniani linamshauri mtu mzima asizidishe wastani wa desibeli 80 kwa saa 40 kwa wiki, na kadiri sauti inavyopanda saa hizo hupungua haraka. Amplifaya yenye nguvu inunuliwe kwa ajili ya vilele hivyo, wala si kwa kuongeza wastani.

Kwa HE-6, basi, tafuta amplifaya inayotoa wati 1 au zaidi katika omu 50, na uangalie namba hiyo iliandikwa kwa omu ngapi, kwa sababu baadhi ya watengenezaji hutangaza wati nyingi katika omu 16 au 32 na kunyamaza kuhusu mizigo mingine. Kwa HD 650 adapta yako inatosha isipokuwa kwa rekodi tulivu sana za okestra.

Nikiwa hapo niongeze jambo la ukinzani wa tundu la amplifaya lenyewe, maana linabadilisha sauti ya kweli kweli. Mwaka 1996 kiwango cha kimataifa cha IEC 61938 kilipendekeza omu 120 kwa tundu la hedifoni, na zipo amplifaya ambazo bado ziko karibu na namba hiyo. Ukinzani wa HD 650 si omu 300 kila mahali. Kwenye besi, karibu na hezi 80 hadi 100, unapanda hadi kukaribia 500. Tundu la omu 120 likikutana na mzigo wa namna hiyo, besi hupata fungu kubwa zaidi la volti kuliko sauti za kati, na inainuka kwa takriban desibeli 1. Wengi huuita mwinuko huo joto. Tundu lenye omu chache, isiyozidi sehemu moja ya nane ya ukinzani wa hedifoni, haliongezi kitu. Hedifoni za utando bapa kama HE-6 zina ukinzani uliotulia katika masafa yote, na ndiyo maana hazibadiliki tabia kwa sababu hii.

*Ninazo amplifaya mbili, moja ya transista na moja ya valvu, na hedifoni za Beyerdynamic DT 880 za omu 600. Nikihamisha jeki naisikia ya valvu ikiwa pana na yenye uhai. Mama watoto anasikiliza zote mbili na kusema ni kitu kimoja. Nitajuaje nani yuko sahihi? — Msomaji, Muscat*

Hili ndilo swali ninalotamani kila mpenzi wa vyombo alijiulize kabla ya kuandika neno moja la sifa. Tatizo la kwanza ni ukubwa wa sauti. Amplifaya mbili haziwezi kulinganishwa kwa kuzungusha vitufe mpaka zisikike sawa. Sikio likipewa sauti iliyozidi kwa nusu desibeli halisemi kwamba imezidi. Linasema imejaa, ina uhai, ina upana. Maneno hayo ndiyo uliyoyaandika. Sisemi kwamba ndicho kilichotokea, ila mpaka ukubwa utakaposawazishwa hakuna awezaye kusema kingine.

Kusawazisha kunahitaji mita ya kawaida ya mafundi umeme yenye kipimo cha volti za mkondo geu. Andaa faili ya mlio mmoja wa hezi 300, kwa kuwa mita nyingi za bei nafuu husoma sawasawa hapo na hupotoka kwenye masafa ya juu. Chomeka hedifoni kupitia kigawanyio cha jeki, ili amplifaya ibebe mzigo wake halisi, na upime volti kwenye tundu la pili, ukiwa hukuzivaa hedifoni na ukichunga ncha za mita zisigusane. Weka amplifaya ya kwanza kwenye volti 0.500. Amplifaya ya pili iwe kati ya 0.495 na 0.505, yaani mwachano wa asilimia 1, ambao ni chini ya desibeli 0.1. Ukishaweka, usiguse tena kitufe cha sauti.

Amplifaya zote mbili zilishwe na kigeuzi kimoja kwa kebo iliyogawanyika, la sivyo unalinganisha vitu viwili kwa mpigo. Chagua kipande kifupi cha muziki unaoujua, sekunde 20 hivi, chenye uimbaji na ala zisizozidi tatu, kwa sababu kumbukumbu ya sauti hufifia haraka na kipande kirefu kinaipoteza. Zima feni. DT 880 ziko nusu wazi mgongoni, kwa hiyo mvumo wa feni ya dari unaingia moja kwa moja na kufunika zile tofauti ndogo unazozitafuta.

Kisha mwombe mama watoto awe ndiye anayehamisha jeki, nawe ukiwa umempa mgongo. Kila zamu arushe sarafu ili kuamua ni amplifaya gani, na aandike. Nawe useme unachodhani, naye aandike pia bila kukuambia jibu. Zamu ziwe 16. Ukipatia 12 au zaidi, uwezekano wa kuwa umebahatisha tu haufiki 4 kwa 100, na unaweza kusema kwa haki kwamba unasikia tofauti. Ukipatia 8 au 9, hujathibitisha kwamba tofauti haipo, ila umejua kwamba haikufikii kwa urahisi. Halafu mbadilishane, yeye asikilize. Mnaweza kugawa zamu hizo kwa siku mbili au tatu, maana masikio huchoka, na sikio lililochoka hubahatisha.

Nitakuambia pia ninachotarajia, kutokana na vyombo ulivyovitaja. Amplifaya nyingi za valvu zisizo na transfoma ya kutolea sauti zina ukinzani mkubwa kwenye tundu, makumi ya omu, lakini DT 880 za omu 600 hazijali sana jambo hilo, kwa sababu mzigo wake ni mkubwa zaidi na hautetereki sana kwenye besi. Kwa hiyo tofauti ya masafa itakuwa ndogo. Inayobaki ni upotoshaji wa valvu, ambao huongeza sauti za mara mbili ya masafa ya asili, na kwa viwango vya juu huweza kusikika kama unene mtamu. Kama yako inaongeza kiasi hicho, utapata alama nzuri kwenye jaribio, na hakuna aibu kuupenda unene huo ukishajua ni nini. Kama haiongezi, mama watoto amesikia vizuri.

*Nimekusanya rekodi za zamani za taarabu, nyingine zikiwa zimenakiliwa kutoka santuri za kuzunguka mara 78 kwa dakika. Kijana mmoja ananiuzia programu ya kuzipandisha ziwe biti 24 na kilohezi 192, na anasema nitasikia mambo yaliyofichika. Je, ni kweli? Na hedifoni gani zinafaa kwa muziki huu? — Msomaji, Zanzibar*

Si kweli, na tafadhali usimlipe. Kupandisha faili hadi kilohezi 192, yaani sampuli 192,000 kwa sekunde, kunaongeza namba baina ya namba zilizopo. Hakuwezi kuongeza kitu ambacho santuri haikukibeba. Siti binti Saad alipokwenda Bombay kurekodi mwaka 1928, maikrofoni za umeme zilikuwa na miaka michache tu kazini, na kila upande wa sahani ulibeba dakika tatu hivi za muziki, pamoja na mkwaruzo wa sindano ulio mkubwa mara nyingi kuliko mvumo wa biti 16. CD ya kawaida ina nafasi ya kubeba kila kilichomo kwenye sahani ile na kubakiza.

Swali la biti 24 kwa rekodi mpya limechunguzwa zaidi. Mwaka 2007 E. Brad Meyer na David Moran walichapisha katika jarida la chama cha wahandisi wa sauti, AES, majaribio ambamo rekodi za ubora wa juu zilipitishwa kwenye kizuizi cha kuzishusha hadi biti 16 na kilohezi 44.1, na wasikilizaji walitambua kizuizi mara 276 katika majaribio 554, sawa na kurusha sarafu. Mwaka 2016 Joshua Reiss wa Chuo Kikuu cha Queen Mary, London, alikusanya tafiti 18 pamoja na kupata wastani wa asilimia 52.3, zaidi kidogo ya kubahatisha, na wasikilizaji waliofundishwa wakafanya vizuri zaidi. Kwa hiyo tofauti, ikiwapo, ni nyembamba mno hata kwa rekodi za kisasa. Kwa santuri haina nafasi. Biti 24 zina faida wakati wa kunakili na kusafisha, kwa kuwa zinampa fundi nafasi ya kukosea ukubwa wa sauti bila hasara. Kinachostahili fedha yako ni kunakiliwa upya kwa sindano ya upana unaofaa mfereji wa sahani za 78, maana sindano ya santuri ndefu za baadaye ni nyembamba mno kwake. Hifadhi nakala kwa FLAC, mfumo huru uliotoka mwaka 2001 ambao hupunguza ukubwa wa faili bila kupoteza hata biti moja, na MP3 ziwe za simu tu.

Kuhusu hedifoni, muziki huu wote umo katika sauti za kati: mwimbaji, udi, kanuni, fidla. Chagua zenye sauti za kati zilizonyooka na zisizoinua sauti nyembamba, kwa sababu kila mwinuko wa huko unazidisha mkwaruzo kuliko muziki. HD 600 na HD 650 zinakufaa, na kati ya mbili hizo ningekuchagulia HD 650 kwa upole wake wa juu. Tena rekodi zako, kwa kuwa ni za mkondo mmoja (mono, sauti ileile katika masikio yote mawili), zina kazi nyingine ya maana: zinapima usawa wa hedifoni na wa amplifaya. Mwimbaji anapaswa kusimama katikati kabisa ya kichwa. Akiegemea upande mmoja, geuza hedifoni kushoto kuwa kulia. Akihama pamoja nazo, kasoro iko kwenye hedifoni. Akibaki palepale, iko kwenye amplifaya, na mara nyingi ni kitufe cha sauti ambacho pande zake mbili hazilingani kikiwa chini kabisa. Usisahau kwamba sikio lako moja linaweza kuwa zito kuliko jingine, na hapo hataondoka upande ule hata ubadilishe vyombo vyote.

*Mjomba anayerudi kutoka Osaka anataka kuniletea hedifoni za Stax pamoja na chombo chake cha kuziendesha, alivyotumia huko. Kuna la kuangalia? — Msomaji, Moshi*

Lipo la haraka. Vyombo vya soko la Japani hutumia volti 100, nasi Tanzania tuna volti 230. Ukichomeka bila transfoma ya kushusha, chombo kinaungua. Nunua transfoma halisi ya kushusha hadi 100, si 110, na yenye uwezo wa walau mara mbili ya wati zilizoandikwa nyuma ya chombo. Masafa ya umeme hayatakusumbua: Osaka wanatumia hezi 60, lakini Tokyo na mashariki yote ya Japani wanatumia hezi 50 kama sisi, na vyombo vya huko huandikwa 50/60. Thibitisha tu kwenye kibandiko.

Ujue pia kwamba hedifoni za umemetuli kama hizo za Stax, ambazo utando wake husukumwa na chaji ya umeme badala ya koili na sumaku, haziingii kwenye amplifaya yoyote ya kawaida. Utando wake, mwembamba kuliko unywele, unachajiwa volti 580 katika aina zinazoitwa Pro, zenye pini 5, na 230 katika zile za zamani zenye pini 6. Hakikisha chombo na hedifoni ni vya aina moja. Kwa sababu ya volti hizo usifungue chombo kutazama ndani hata kikiwa kimezimwa, kwani kapasita hubaki na chaji. Unyevu na vumbi ndivyo adui zake wakubwa, kwa hiyo zifunike kila ukimaliza na weka pakiti za kunyonya unyevu kwenye sanduku. Ukizitunza, utapata uwazi wa nyuzi za ala ambao kwa maoni yangu hakuna hedifoni za koili zinazoufikia, ingawa pigo la ngoma litakuwa jepesi.

*Shikamoo. Mimi ni mwanafunzi, nina HD 600 nilizonunua zikiwa zimetumika. Nimeambiwa nizipige muziki saa 200 ili zifunguke, na ninunue kebo ya fedha yenye jeki ya milimita 4.4. Nianze na lipi? — Msomaji, Nakuru*

Marahaba, mwanangu. Anza na mito ya masikioni. Hedifoni zilizotumika miaka kadhaa huwa na mito iliyobonyea, na ikibonyea sikio linasogea karibu na utando, sauti za kati zinazidi na zile nyembamba zinapoteza usawa. Mito mipya inarudisha sauti karibu na ilivyokuwa kiwandani, nayo ni badiliko kubwa kuliko utakalolipata kwenye kebo yoyote. Saa 200 za kufungua hazihitajiki kwa hedifoni zilizokwisha kutumika. Kinachozoea katika siku za mwanzo ni ubongo wako.

Jeki ya milimita 4.4 ni ya amplifaya zenye njia mbili kwa kila sikio. Inaweza kutoa hadi volti mara mbili, sawa na desibeli 6, na inafaa ikiwa tundu la kawaida la amplifaya yako linaishiwa nguvu. Kama muziki unakutosha kitufe kikiwa katikati, hailipi. Fedha kwenye kebo hupitisha umeme kwa ubora unaoizidi shaba kwa asilimia chache tu, na katika mita 3 za waya mbele ya mzigo wa omu 300 tofauti hiyo inapotea kabisa. Kagua badala yake pini za kebo yako mahali zinapoingia kwenye vikombe, kwa kuwa hapo ndipo HD 600 za mkono wa pili hukatika sauti upande mmoja. Kebo hiyo huchomoka pande zote mbili, kwa hiyo ikiharibika utanunua kebo ya kawaida peke yake.